Kete za Kijani

Kila Jumamosi alasiri fundi cherehani alifunika mashine yake, akaondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia nguo na kutandaza ubao wa ludo. Zamani walicheza wanne. Tangu shoga yake muuguzi apewe uhamisho wa kikazi walibaki watatu, fundi mwenyewe, mwenye saluni na dada wa huyo mwenye saluni, lakini kete za kijani hazikupewa mtu mwingine. Fundi ndiye aliyemrushia shoga yake dadu, tena bila hila: ikibidi kijani kula kete za fundi mwenyewe, alizila.

"Mtu hayupo na bado anatufunga!" mwenye saluni alilalamika, wakacheka.

Jumamosi moja simu ya fundi ikalia. Alikuwa muuguzi.

"Mmeshanisahau?"

"Nikusahau vipi, na umenila kete mbili sasa hivi? Unarudi lini?"

"Shoga, nimenunua kiwanja huku. Nimeshaanza msingi."

"Hongera!" fundi alisema, kwa uchangamfu uliopita kiasi. Akaweka simu, akawa anajipangusa chaki vidoleni, ingawa vilikuwa safi.

"Ni zamu yake," mwenye saluni alimkumbusha kwa upole.

Akarusha. Ikaja sita. Akaisogeza kete ya kijani hatua moja moja, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni ambaye hataki aondoke.