Hodi Ziwani

Kila nikipara samaki, ile harufu ya matope ya ziwa hunirudisha kwenye chumba chetu cha kupanga kule Naivasha. Maji yalikuwa yamepita migunga, yakameza shamba la sukuma wiki, na sasa yalimfikia mama magotini. Alikuwa ameweka jiko juu ya meza. Mimi nilikuwa kitandani, nimembeba mdogo wangu. Majirani wote walikuwa wameshahama.

Afisa mmoja alikuja na boti, akaielekeza moja kwa moja mlangoni petu.

“Mathe, pandeni haraka. Hapa si ploti tena, ni ziwa.”

Mama aliendelea kukoroga chai. “Ziwa linaishia kwa ile migunga. Hapa ni kwangu, na kwangu mtu haingii na boti. Shuka, ubishe hodi.”

Afisa alicheka. Mama alimtazama tu, mpaka kicheko kikaisha. Basi afisa akakunja suruali, akashuka kwenye maji baridi, akagonga mlango uliokuwa wazi.

“Hodi.”

“Karibu, baba.”

Mama alimfutia kiti kwa leso yake, akampa kikombe. Tulipanda boti mgeni alipomaliza chai.