Picha Aliyoikataa Bibi

Shangazi yangu alikuwa fundi wa mahema. Wapanda milima walimletea mahema yaliyochanika akayashona kwa cherehani sebuleni kwetu, mpaka siku moja wakachoka kuyabeba kuja na kurudi, wakaona afadhali wambebe fundi. Wakambeba kweli. Akaenda kwenye milima ya barafu, ya moto, na mingine ambayo hata wenyeji wake wanaikwepa. Huko akanunua kamera ya mtumba, na tangu hapo hakutulia nyumbani tena. Bibi, mama yake mzazi, akambandika jina: Kiguu na Njia.

Kila akirudi, sisi ndio tuliokoma. Ilibidi tukae kwenye sofa tuone picha zote.

"Huu ni mlima," anasema.

"Na huo mwingine?"

"Ni huo huo, kwa upande wa nyuma."

"Hata mimi mkinizunguka mtaniona wengi," Bibi ananong'ona, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

Lakini picha moja Shangazi hakuipata: ya mama yake. Kamera ikiinuliwa tu, Bibi anajifunika kwa chochote kilicho karibu. Kwa miaka hiyo yote Shangazi alivuna picha za mfuniko wa sufuria, kiwiko, mgongo, na moja ya mlango wa friji wenye miguu miwili. Mtu aliyempiga picha tai angani huku akining'inia kwenye kamba, anashindwa na kikongwe! Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Yeye hakucheka. Bibi alikuwa anazeeka, na Shangazi alikuwa na kabati zima la picha za mawe, hana hata moja ya sura ya mama yake.

"Mama, moja tu."

"Nenda kapige milima. Yenyewe haina kazi za kufanya."

Basi Shangazi akaanguka. Si mlimani, huko angalau angepata la kusimulia. Alianguka kutoka kwenye stuli ya jikoni akibadilisha balbu. Goti likaharibika. Daktari akamwambia milima basi, na hata ngazi azipande kwa adabu. Shangazi akashinda akilia, kichwa kakilaza juu ya cherehani, nasi tukawa tunanyata ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Asubuhi iliyofuata Bibi alitoka chumbani amevaa gauni lake la kwendea harusi, poda mpaka kwenye nyusi. Akavuta kiti karibu na dirisha.

"Haya, piga."

Shangazi akaduwaa. "Leo imekuwaje, Mama?"

"Ningekupa picha zamani, ungenitia kwenye begi. Ukinikumbuka, unafungua begi, unaniangalia, unafunga, unaendelea na safari. Mimi nilitaka ukinikumbuka urudi. Sasa huendi popote. Piga."

Shangazi akainua kamera, akafumba jicho moja. Akakaa hivyo muda mrefu, kisha akaishusha.

"Mwanga mbaya."

"Mwanga gani? Si jua hilo limejaa chumba kizima!"

"Mbaya, Mama. Tutajaribu kesho."

"Na poda yangu je?"

"Utapaka nyingine." Akaifunika lenzi ya kamera. "Nikishakupiga, Mama, nawe utaona umemaliza. Utaniaga."

Bibi akatoa leso, akaanza kujifuta poda taratibu.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.