Pumzi ya Mama

Enzi za Mwingereza, katika chumba cha upasuaji pale Bukoba, tulikuwa na dawa mbili za kulegeza misuli. Ya zamani, iliyotokana na mmea, ilikuja polepole na kukaa nusu saa au zaidi. Mpya ilimtetemesha mgonjwa, ikamlegeza ndani ya dakika moja, na baada ya dakika chache ikamtoka. Zote zilisimamisha pumzi, nasi tukampumulia mgonjwa kwa kuminya mfuko wa hewa. Mimi, msaidizi wa dawa za usingizi, niliipenda ya zamani. Mpya niliiona ina pupa.

Siku moja aliletwa mama yangu mzazi. Alikuwa ametoka kwetu Izigo kumtembelea wifi yake kule Rwamishenye, na huko uvimbe aliokuwa nao ukajisokota tumboni. Daktari alisema hakuna kungoja. Muuguzi alimuuliza kama amekula, akakana. Nikavuta dawa ya zamani kwenye sindano.

Nilipomwinamia, mama alinishika mkono.

"Mwana wange, nilimeza matonge mawili ya ebitoke, ndizi za kupika tu. Wifi alishapakua. Ningetokaje kwake bila kuonja? Na kale kabinti kauguzi kangenigombeza kama ningekiri."

Mama yangu huyo! Maumivu yote yale, bado anaogopa kumvunjia wifi heshima. Nilitaka kucheka, kisha nikaiweka kando ile sindano. Kwa dawa ya polepole, chakula kingeweza kupanda na kuingia mapafuni kabla hatujapitisha mpira kooni.

Nilimweleza daktari. Akasema, "Mpe ile mpya."

Nikampa dawa ya usingizi, kisha ile mpya, kwa mkono wangu. Usingizi ukamchukua, kope zikachezacheza, kisha mabega, kisha akatulia kabisa. Mpira ukapita salama. Tukamwendeleza usingizini kwa etha, nami nikaanza kuminya mfuko.

Dakika tano zikapita bila yeye kuvuta pumzi. Kumi. Nilijua wapo wachache ambao dawa hii hukawia kuwatoka, lakini kujua hakukunisaidia chochote. Niliogopa kama mtoto. Niliminya na kuachia, niliminya na kuachia, nikimwomba Mungu kwa Kihaya.

Halafu mfuko ukavutika kidogo kabla sijauminya. Ukavutika tena.

"Anapumua mwenyewe," daktari akasema kwa upole. "Legeza mkono."

Nilimsikia vizuri. Lakini vidole vilikataa kuuachia.