Bibi yetu alikosa jua Garissa, wakamchoma moto

Wakuu, salaam aleikum. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi. Hasira ikinizidi njiani mnivumilie.

Miaka ya tisini ukame ulimaliza mifugo ya bibi yangu kule Tarbaj. Adeer, yaani baba mdogo, akamleta kwake Garissa, mtaa wa Waberi.

Bibi alikuwa mtu wa kutembea. Maisha yake yote alikuwa nyuma ya ngamia, na maziwa hayakumpungukia. Adeer akasema sasa basi, mama apumzike. Akamjengea chumba, akaweka godoro na pazia zito. Kuteka maji marufuku. Hata kuketi uani marufuku, eti majirani watasema tumemtelekeza.

Wageni walikuja wakamsifu adeer. Kwetu mzee akikaa ndani bila kugusa kazi, hiyo ndiyo heshima. Maziwa nayo yakawa hadithi, siku nzima ni chai ya rangi.

Baadaye nyonga na mgongo vikaanza kumuuma. Hawezi kuinuka kwenye godoro mpaka ashikwe. Zahanati, jamaa aliyemhudumia hakumgusa hata goti. "Ni uzee," akampa painkiller.

Uzee! Nikikumbuka damu inanichemka.

Adeer akaita mchomaji. Kwa wasiojua, kwetu maumivu sugu huchomwa kwa kijiti cha moto mpaka ngozi iungue. Bibi alichomwa mgongo, akachomwa nyonga. Maumivu yakabaki palepale, vidonda vikaongezeka. Mchomaji akaitwa tena.

Siku moja akateleza mlangoni mwa choo. Kuanguka kudogo tu, nyonga ikavunjika.

Hospitalini daktari alitazama eksirei, akauliza kama mama huota jua.

Adeer akacheka. "Daktari, hii Garissa wewe nauliza jua?"

Daktari hakucheka. Alisema jua la nje halipiti ukutani. Ngozi ikipigwa na jua ndipo mwili hutengeneza vitamin D, na mzee huitengeneza kwa shida. Ikikosekana kabisa, mifupa hulainika na kuuma. Akamwandikia vitamin D na kalsiamu.

Wakuu, mgongo ulipoa kweli, polepole. Lakini kutembea ndiyo basi tena.

Jioni moja adeer alikuja kumjulia hali. Bibi akamwambia kwa Kisomali, "Mwanangu, hata ndama mgonjwa hutolewa nje asubuhi." Adeer akainamisha kichwa. Sikumwonea huruma, na mpaka leo simwonei.

Bibi alipofariki, shangazi yangu alikuwa kati ya wanawake waliomwosha. Alitoka analia. Alisema mgongo mzima ni makovu ya moto, na hakuna hata moja lililomsaidia.

Nilichojifunza: mzee akilia mifupa, usikubali kufukuzwa na neno "uzee". Apimwe. Vidonge aandikiwe na daktari, msinunue kiholela. Na mtoeni uani akae na watu, heshima haipungui kwa mtu kuota jua la asubuhi.

Najua kuna mtu hapa anajiandaa kuandika "moto ulimponya babu yangu". Karibu, uwanja ni wako. Ila kwanza mvue babu shati, halafu uje utuambie umeona nini.