Bomba Linalojibana

Kwaa! Spana ya kilo tatu ilianguka kwenye sakafu ya chuma, hatua moja kutoka miguu ya Chola, kijana msaidizi. Kule juu, Kasonde, fundi wa mabomba, alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili.

"Graisse!" akapaza sauti. "Mikono yangu iko na graisse, inateleza!"

Chola akarudi nyuma, akacheka. "Muzee, kama unamutaka bibi yangu, sema tu, usiniue!"

Hayo yalitokea mwaka 1974. Kwa miaka kumi na minane Kasonde alikuwa amepanda ngazi za kiwanda cha shaba, na majirani zake wa Katuba walimwita Mtu wa Juu. Upimaji wa afya wa kila mwaka ulikuwa umekaribia. Aliyekutwa na presha kubwa aliondolewa ngazini, akapewa ufagio wa ghala. Na kichwa cha Kasonde kilikuwa kikimgonga kila asubuhi.

Akawaza kifundi: bomba likizidiwa na maji, unayapunguza. Basi alfajiri ya siku ya kupimwa akapita kwa mama mmoja mpiga mulumiko, akachanjwa shingoni, akafyonzwa damu kwa pembe mbili.

Kwenye zahanati ya kiwanda, muuguzi Ngalula alimfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza. Kumi na tisa kwa kumi na mbili: presha kubwa. Kisha akaona chale mbichi.

"Citoyen Kasonde, ulitosha damu na pembe?"

"Kidogo tu, dada. Nilifungua vana sawa ya bomba, maji ipunguke."

Ngalula hakucheka. Alichomeka mpira wa maji kwenye bomba la ukutani, akafungulia maji polepole, akamshikisha.

"Bana."

Kasonde akabana. Mpira ukavimba nyuma ya ngumi yake.

"Maji imeongezeka?"

"Hapana. Ni mukono yangu."

"Njo vile. Mushipa ya damu haiko chuma. Mu ukuta yake muko musuli, vichembe vidogo-vidogo vya kubana na kuachia. Vyako vinabana, haviachie. Na musuli ya kubana kila siku inanenepa, sawa mukono ya mubeba mizigo. Njia inakuwa ndogo, moyo unasukuma kwa nguvu."

"Bomba inajibana yenyewe?"

"Yenyewe. Hata ukitosha damu, mukono ungali unabana. Vidonge, na kupunguza chumvi, vitailegeza pole pole."

Akachukua kalamu. "Kipimo kimoja hakitoshi, utarudi wiki ijayo. Lakini kama kizunguzungu kilikukamata kule juu, unashuka ngazi leo. Kilikukamata?"

Kasonde alitazama dirishani. Chola alikuwa nje akingoja zamu yake, kofia imesukumwa kisogoni, akiwatania wenzake. Mpira ulikuwa bado ngumini.

"Niandike nini, papa?"

Akaufungua mkono. Maji yakapita.

"Ile siku ya spana," akasema chinichini, "haikukuwa graisse."