Mama Mkwe Chini ya Chuma

Nilianza kuinua vyuma kwa hasira. Nauza unga kwenye soko la Kampemba, na mwaka jana gunia lilinishinda. Nililisukuma, nikalikumbatia, nikalitukana, halikupanda mezani. Ikabidi nimwite mchukuzi, naye akacheka. Nililia siku hiyo, na si kwa sababu ya mgongo. Mimi mjane nimezoea kujitegemea, na sasa nguvu zilikuwa zinaniaga bila hata kuniuliza.

Karibu na kwangu kuna ukumbi wa mazoezi. Vyuma vyake ni magurudumu ya vitoroli vya zamani vya mgodini, yamechomelewa kwenye nondo. Kocha alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala.

"Mama, bamama banafanyaka aérobic siku ya mposho," akasema, yaani Jumamosi. "Vyuma iko ya banaume. Utaota mabega, nani atakuoa tena?"

"Miye sikukuya kutafuta bwana. Nilikuya kutafuta mabega."

Alinikubali kwa kuchoka kubishana. Nikawa naenda asubuhi kabla ya soko, suruali ya mazoezi ndani, kitenge juu. Wanaume walininunia. Kila nikigusa nondo, mmoja alikuja kuninyang'anya eti ananisaidia. Nilishikilia hivyo hivyo, na polepole mikono ikaanza kunisikiliza tena. Nilifurahi kama msichana.

Basi asubuhi moja nimelala kwenye benchi, kitenge nimekivua, nondo iko kifuani na imegoma kupanda. Kocha alikuwa nje anapiga mswaki, na wanaume wengine walikuwa hawajafika. Mlango ukafunguka, akaingia mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza; kumbe naye ameanza mazoezi pale.

Sisi watu wa kaskazini mwa Katanga tunashika buko, heshima ya wakwe. Mwanaume hamgusi mama mkwe wake, hamtazami usoni, hawezi kula mbele yake. Akimwona njiani, anakata kona. Na huyu alikuwa ameniona nimelala chali na suruali ya kubana. Alipiga yowe, akageukia ukuta.

"Pardon, mama! Sikuona kitu!"

"Kuya utoe hii chuma!"

"Siwezi kufika pale, mama, ni buko!" Kisha akaanza kuuelekeza ukuta, maana mimi hakuthubutu kuniambia: "Muambie mama apumue! Muambie akanyage chini, asukume!"

Sijui ni maelekezo yake au ni hasira zangu, ila nilisukuma, nondo ikapanda. Mkwe alitoka kinyumenyume.

Habari zilipowafikia wanaume wa ukumbini, walifurahi kupita kiasi. Sababu waliyoitafuta imejileta yenyewe. Kocha alinifuata sokoni na sauti ya msibani.

"Mama, buko ni buko. Mukwe wako anasikia haya. Basi uache tu mazoezi."

Iliniuma sana. Mila zote za wazee wamezisahau, wakakumbuka hiyo moja, ya kunitoa mimi.

"Uko na haki," nikamwambia. "Buko ni ya kuheshimu. Akikuta miye ndani, arudie kwake."

Jioni nilienda mazoezi ya kwaya. Mama wengi pale wameoza mabinti mtaani kwetu, na wakwe zao nilikuwa nawajua kwa sura: ndio wale wale walioninyang'anya nondo. Niliwaeleza wenzangu habari za magoti, mgongo na usingizi mzuri. Wakaja.

Kesho yake asubuhi wanaume walifika mmoja mmoja, wakachungulia, wakawaona mama wakwe zao, wakageuza. Kijana mmoja mwenye shingo nene, aliyekuwa ameshaingia, alitoroka kwa kuruka ukuta wa nyuma. Kocha aliwacheka mpaka akashika tumbo, filimbi shingoni, akatupanga mstari. Ndipo akaingia mama wa mwisho, mnene, anahema, yule niliyemwalika makusudi.

"Mama yangu!" kocha akasema, na hakuwa na maana ya mama mzazi. Aliivua filimbi, akaiweka kwenye benchi na kukimbia huku amefunika macho.

Tukatazamana. Nikaiokota filimbi, nikaipuliza.