Taa ya Kushonea Kofia

Nakumbuka siku niliyorudi mtaani kwetu Kuze na diploma yangu ya umeme, mwanangu, na maneno ya kwanza niliyoyasikia barazani hayakuwa ya pongezi. Nilikuwa nimetangaza kwamba nitamtengenezea bibi yangu taa ya kushonea. Ami Salim, ndugu yake marehemu baba, alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Yakhe, macho ya mzee hayarudi kwa taa," akasema. "Huyu amekaa Maskati miaka yote hiyo kujifunza kubadilisha globu."

Mimi niliyebeba vyuma mchana na kusoma jioni, bila ya mtu kuninunulia hata kalamu, niliinuka nikaingia ndani kwa Bibi.

Bibi alikuwa amemshonea kofia kila bwana harusi wa nyumba yetu kwa mkono wake. Sasa mdogo wangu alikuwa karibu kuoa, na kofia yake imelala kikapuni, nusu. Unazijua kofia zetu: kitambaa cheupe, uzi mweupe, na vijitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Bibi hakuwa akiviona tena. Wanawake wa nyumbani walishaanza kunong'onezana kwamba inunuliwe ya dukani, na Bibi akiwasikia huugeuzia ukuta uso.

Nikanunua mkanda wa taa za LED, mweupe, mkali kuliko yote iliyokuwako dukani. Kazi niliifanya kwa ustadi, sioni haya kulisema hilo. Niliukata palipochorwa alama ya mkasi, nikachomea waya kwa risasi iliyoyeyushwa, mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Nikaubandika juu ya bapa la alumini ili joto lipate pa kutokea, nikauunga na adapta ya volti kumi na mbili, kisha nikautundika juu ya kichwa cha Bibi. Chumba kizima kiling'aa, hata nyufa za boriti zikaonekana.

Bibi akaiinamia kofia. Kisha akaiweka mapajani.

"Babangu, umenimulikia mimi," akasema. "Kofia hukuimulikia."

"Bibi, hakuna taa inayoishinda hii kwa nguvu."

"Ndiyo hiyo. Yote imekuwa chumvi. Uzi uko wapi, kitambaa kiko wapi?"

Nikainama na macho yangu ya kijana. Wallahi hata mimi sikuona kijitundu.

Asubuhi yake nilimkuta dirishani, lile dirisha letu jembamba. Kofia ameilaza kiganjani, anaigeuza polepole ili mwanga wa kichochoroni uipite ubavuni. Hapo nikaelewa. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe unahitaji kivuli ndipo uonekane, na mwanga wa kutoka juu unakifuta kivuli chote.

Nikarudi dukani nikachukua mkanda wa mwanga wa manjano, mpole. Nikaufunga kwenye ubao mfupi, chini, usawa wa mkono wake, nikaukinga upande wa macho. Baada ya Alasiri nikafunga dirisha, nikawasha.

Mwanangu, nimefunga taa katika majumba ya wakubwa, lakini sijaona tena nililoliona pale. Kila kijitundu kilipata ukingo wa kivuli. Mishono ya Bibi ikainuka juu ya kitambaa, safu kwa safu, kama nakshi za chokaa. Nilikulia katika chumba kile, na sikuwahi kujua kwamba mikono ile ilikuwa ikifanya jambo kubwa kiasi kile. Bibi alipapasa akaipata sindano, akaanza kushona.

Ami Salim alikuwa amekuja kunitazama nikiaibika. Alisimama mlangoni, akavua viatu, akaketi chini taratibu.

"Subhanallah," akasema. "Kumbe ndivyo zilivyo kofia hizi."

Mdogo wangu alioa na kofia ile kichwani.

Basi nisikilize, wewe unayetaka kutengeneza taa. Usianze dukani kwa kuuliza ipi ina nguvu. Kaa kwanza na atakayeitumia, utazame anafanya nini na mwanga alio nao, ndipo uchague rangi, ukali na mahali pa kuiweka. Ustadi wa waya utakuja. Mimi ninao, nawe ukijibidiisha utaupata. Mola akujaalie macho ya kuiona kazi ya mikono ya wenzako, na akupe umri wa kuwamulikia wazee wako wangali wanashona.